Meza Iliyonunuliwa kwa Majina Matatu

Jumapili, 1 Machi

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu Belyse, na kalamu juu yake. Anasema katika mchezo wake kila kundi linataka mtu wa kuandika yaliyotokea, na kwa kuwa mimi ndiye ninayebisha sana juu ya yaliyotokea, kazi ni yangu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, Kigoma, tulipokuwa ukimbizini. Lakini darasa la tatu la wakati ule si la leo. Nimeendesha lori miaka thelathini na moja, nimesoma vibao vya nchi tano, sikupotea hata mara moja. Mara moja tu, na siku ile daraja ndilo lilikuwa limehamishwa.

Mchezo wenyewe si karata wala igisoro, bao la kwetu. Mtu mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mmoja ni mtu ndani ya hadithi hiyo. Unasema unachofanya, unarusha dadu, dadu inaamua. Anayeongoza ni Belyse. Wachezaji ni mimi, mdogo wangu Narcisse na mke wake Xavérine, wako Goma, na kijana mmoja anaitwa Ganza, alizaliwa Kampala, anavaa kofia ndani ya nyumba ya watu. Simpendi.

Kwa kuwa wengine wako ng'ambo ya mpaka, tunacheza Jumapili mchana kwa simu, mahali pa mtandaoni tunapopaita Meza. Mna ramani, mna dadu, kila mtu ana karatasi yake humo. Belyse amejenga humo mji mzima, Mji wa Majivu, na mitaa yake, na soko, na watu mia na tabia zao. Miaka miwili anaujenga. Mimi mle ni mpagazi mwenye nguvu kuliko wote na naitwa Bahizi. Waliniambia nichague jina lingine. Nikawauliza, nijifiche, nani ananitafuta?

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 9 Machi

Leo liko. Belyse ni fundi cherehani, baraza yetu ndiyo karakana yake. Alipeleka mapazia kwenye hoteli moja ya ufukweni, njia ya Rubona, akakuta wageni wa Kigali wamekaa ndani wanatazama mvua kama watu waliofungwa. Mwenye hoteli, Madame Umutoni, akamlalamikia: msimu huu mgeni anakuja kwa siku mbili, anakimbia siku ya kwanza. Belyse hana haya, huo ni urithi wangu, akamweleza mchezo wetu. Madame akasema, lete nione. Jumamosi tarehe 16 Mei, saa nane mchana, Meza yote ionekane kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Ikipendeza, kila Jumamosi na Jumapili ni kazi yake, kwa mshahara.

Nikamuuliza, isipopendeza?

Akashona mshono mzima kwanza. “Isipopendeza, Babu, mwezi wa sita kiwanda cha nguo Kigali kinachukua watu. Nimeshaandikisha jina.”

Nyumba hii tumebaki wawili. Nilisema mvua imezidi, nikatoka kuangalia mfereji.

Jumamosi, 14 Machi

Kona yetu kwenye Meza ni ya bure, na cha bure ni kifinyu. Ili ifae hotelini, lazima vilipiwe vitu viwili. Kwanza ada ya kiongozi, ya mwaka mzima: ukiilipa, vitabu vyako vinafunguka kwa kila aliyekaa mezani. Pili, vitabu vitatu vya humo humo: cha ramani, cha viumbe, na cha watu na sauti zao. Ukinunua cha karatasi dukani ni kazi bure, Meza haikijui.

Belyse ana akiba ya mashono ya tangu Noeli, na inatosha. Alitaka alipe mwenyewe. Nikamwambia fedha ya nyumba hii ikitoka inatokea mkononi mwangu. Nimenunua matairi Mombasa kwa Wahindi wakabaki wanalia, nitashindwa na vitabu visivyo na karatasi? Aliniandikia vya kulipia kwenye karatasi, akahesabu fedha. Akanipa.

Jumapili, 15 Machi

Nimegundua kitu ambacho vijana hawa na masomo yao hawakukiona. Meza inampunguzia mteja mpya nusu ya bei, lakini kwa kitu chake cha kwanza tu. Belyse alishawahi kununua kitu humo, si mpya tena. Lakini mimi ni mpya. Narcisse ni mpya. Xavérine ni mpya.

Xavérine anavuka mpaka kila siku na mchele na nyanya. Gunia likiwa mikononi mwa mtu mmoja, forodha inalitaka. Kwa hiyo wanawake watano wanaligawana, kila mmoja anapita na mzigo wake mdogo kwa jina lake, hakuna anayeulizwa, na nyuma ya ukuta wa kwanza ng'ambo gunia linakuwa gunia tena. Nilimpigia nikamweleza.

“Shemeji!” akacheka mpaka simu ikakwaruza. “Donc mi nabeba viumbe, Narcisse anabeba watu, we unabeba ramani?”

“Halafu tunakusanya kwa Belyse.”

“Bon. Hii kazi najua, iko kazi yangu. Lakini huku benki zimefungwa, tutalipa na nini?”

“Nitalipa mimi, kwa majina yenu.”

Na ada ya kiongozi hatuihitaji. Eti ulipe ruhusa ya kuwaonyesha ndugu zako kitabu chako! Nusu ya fedha ya mtoto itabaki. Mimi Bahizi.

Jumanne, 17 Machi

Ganza alikuja kunifungulia kadi ya malipo ya kwenye simu, ile isiyoshikika. Nikamweleza mpango, ajifunze. Akakuna shingo.

“Mzee, sidhani vitakusanyika. Vitabu vya Meza vinabaki kwa aliyenunua.”

“Umewahi kuvusha hata kilo moja ya chumvi, wewe?”

“Hapana, Mzee. Lakini niliona mahali wameandika...”

“Aliyeandika amewahi kuvusha?”

Nikamwambia asipeleke maneno kwa Belyse, kwani ni zawadi ya kushtukiza. Akaitikia kwa shida. Kofia yake kichwani muda wote.

Jumamosi, 21 Machi

Vimenunuliwa vyote vitatu. Fundi wa simu wa stendi ametuandikisha kama wateja, mimi hapa, wale wawili kwa simu. Nusu bei. Jioni nilishuka Rubona nikawaeleza wanaume wa zamani wa malori jinsi nilivyofanya. Nikawanunulia chupa. Wakataka kusikia tena. Nikanunua tena.

Jumamosi, 28 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Tumezibua mitaro. Belyse aliuliza, “Babu, vitabu viko?” Nikasema viko. Na ni kweli viko.

Jumanne, 7 Aprili

Wiki ya kukumbuka waliouawa. Hatuchezi, hatupigi redio. Nimekaa na majina ya kwetu.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Belyse alikwenda misa, nikafikiri nimwandalie, arudi akute vyote vimewekwa. Nikafungua Meza, nikatafuta mahali pa kumkabidhi ramani. Hapakuwepo. Nikapiga Goma. Narcisse kwao hakupaona, Xavérine hakupaona. Nikaenda kwa fundi wa simu nikiwa nimelowa mpaka ndani, naye akabonyeza, akabonyeza, akaniambia, “Muzee, hii haitoki. Iko kwa jina yako mupaka ufe.”

“Narudisha basi, nipewe fedha.”

“Ya nusu bei hairudi. Wameandika.”

Wameandika. Kila mahali wameandika.

Na iliyobaki mfukoni haifiki ada ya kiongozi, kwa sababu ya Rubona. Zile chupa. Hata ingefika ni bure, maana ada ya Belyse inafungua vitabu vya Belyse, na vya Belyse hakuna hata kimoja.

Alirudi akanikuta nakausha viatu. “Ulienda wapi na mvua hii?” Nikasema nilikwenda kuangalia barabara ya Nyundo kama imeziba. Akaniamini. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Sikulala vizuri, ni goti.

Jumapili, 26 Aprili

Tulicheza kwenye kona yetu ya bure. Belyse anafanya mazoezi ya hotelini. Ametunga mlango mpya wa Mji wa Majivu, na kikongwe anayeulinda, anamsemea kwa sauti ya marehemu mke wangu kabisa, hajui kama anafanya hivyo. Narcisse katika mchezo ni mwizi. Alipoulizwa na kikongwe, “Mmebeba nini?” akajibu, “Mwulize mukubwa wetu, yeye iko na siri.” Wote wakacheka. Mimi nilirusha dadu kabla sijaambiwa.

Baadaye Narcisse akanipigia peke yangu. Ananiita Grand, ndivyo Goma wanavyowaita wakubwa.

“Grand, sema naye.”

“Nitapata njia.”

“Njia gani? Mtoto anatayarisha chakula kwa sufuria haiko.”

Nikamkatia. Mdogo wangu huyo nilimfundisha mimi kufunga viatu.

Jumamosi, 2 Mei

Belyse aliomba nimkabidhi vitabu leo. Nikasema mtandao ni mbaya kwa mvua. Jua lilikuwa linawaka.

Jumanne, 5 Mei

Ameuliza tena. Nikamfokea, nikamwambia hanijui, nikamwambia nimeendesha lori Beni na Butembo kwenye matope mpaka kiunoni na mzigo wangu haukuwahi kuchelewa. Akasema polepole, “Sijauliza kuhusu lori, Babu.”

Siku kumi na moja.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda kwa Ganza. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapa karatasi karibu na soko. Nilizunguka soko mara mbili kabla ya kuingia. Nilitegemea acheke, nilikuwa na jibu tayari. Hakucheka. Alinipa kiti chake, akasimama yeye, akasoma masharti yote ya Meza kutoka juu mpaka chini, akinigeuzia kwa Kiswahili neno kwa neno, karibu saa nzima, na wateja wakisubiri. Hakuna mlango. Kilichonunuliwa kwa jina la mtu kinakaa kwa jina hilo.

“Kwa nini hukumwambia Belyse?” nikamuuliza.

“Ulinikataza, Mzee.”

“Ungeweza kusema.”

“Ningeweza. Lakini ni babu yake. Nilitaka asikie kwako.”

Anayo akiba yake, akasema, tuilipe ada na tununue upya. Nikakataa. Si kiburi. Basi, ni kiburi pia.

Jumapili, 10 Mei

Nimesema.

Belyse alikuwa anakata kitambaa cha sare. Nilisimama mlangoni, nikaanza na habari za Mombasa, nikaona najizungusha, nikaacha. Nikamwambia yote: majina matatu, nusu bei, chupa za Rubona, kwa Ganza, uongo wa mtandao. Makasi yalisimama katikati ya kitambaa.

“Ada ya kiongozi?”

“Sikulipa.”

“Nilikuandikia kwenye karatasi, Babu. Cha kwanza kabisa. Ada ya kiongozi.”

“Nilifikiri ni ujanja wao wa kutoza.”

“Nilikuandikia.” Hakupaza sauti. Bora angepaza. “Ningekuwa mtu mwingine, mteja, ungenifanyia hivyo? Ungekunywa fedha ya mteja?”

Nikasema hapana, na ni kweli, mteja nisingemfanyia.

“Basi kuanzia leo mimi ni mteja,” akasema. “Usiguse kitu changu.”

Akamaliza kukata. Alikata vizuri. Amekula jikoni peke yake. Mimi nimekula barazani, mvua ikinirukia kwenye sahani, sikusogea.

Jumatatu, 11 Mei

Amekunja sare za shule zote na kuzifunga kwa kamba kama mtu anayefunga hesabu na mji.

Jumanne, 12 Mei

Xavérine alivuka na nyanya zake, akaja mpaka hapa na ungo bado kichwani. Narcisse alikuwa amemweleza. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa Belyse.

“Mutoto, sikiliza. Mzigo ikikataa kuvuka, mutu aliyeibeba anavuka. Jumamosi mi nakuja na simu yangu, na viumbe yote ndani. Narcisse anakuja na watu. Huyu,” akanielekeza kwa kidole, “anakuja na ramani na mudomo yake anaiacha hapa.”

“Madame anataka skrini kubwa, Mama Xavérine. Simu tatu si skrini.”

“Atapata kile iko.”

Belyse alitazama dirishani. Halafu akasema, “Saa saba na nusu muwe hapa. Msichelewe.” Kwangu hakusema kitu. Lakini alisema “muwe”, nami nimo ndani ya hilo.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika siku hiyo hiyo, nisije nikaipamba.

Mvua kubwa kuliko zote za mwaka. Saa saba na nusu hawakuwepo. Saa nane kasorobo Belyse akasema twende. Hotelini wageni kama kumi na wawili, viti vimepangwa kuelekea ile skrini ukutani, nyeusi. Madame Umutoni, amevaa vizuri, akauliza, “Donc, tunaunganisha wapi?” Belyse akamwambia leo hakuna skrini. Uso wa Madame ulifunga kama duka.

“Tulisema skrini.”

“Ndiyo, Madame. Naomba nusu saa. Usipopenda, naondoka.”

Ganza alikuwa amekuja, akazisogeza meza mbili ziwe moja. Nikakaa na ramani yangu. Bila viumbe, bila watu. Belyse akaanza kusimulia mlango wa mji na sauti yake ilikuwa kavu, wageni wawili wakaanza kutazama simu zao, na mimi nilihesabu vigae vya sakafuni ili nisitazame mlango.

Saa nane na dakika ishirini wakaingia. Foleni ya mpaka. Narcisse amefunga simu yake kwenye mfuko wa plastiki kifuani, Xavérine maji yanamtiririka kwenye kitenge. Akakaa bila kujifuta, akafungua simu, akatazama kiumbe cha kwanza, akapiga kelele, “Mana yanjye! Belyse, hii kitu iko na meno mupaka mgongoni!” Hakuwa anaigiza. Ukumbi mzima ukageuka.

Kuanzia hapo nilichokiona ndicho hiki. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwa mtu wake, Belyse hakuweza kuona ila alichoambiwa. Ananiuliza njia, namwonyesha kidogo tu. Anamwuliza Narcisse nani yuko mlangoni, Narcisse anamficha, mwizi yule. Wageni wakaanza kusogeza viti, wanachungulia juu ya mabega yetu. Mama mmoja wa Kigali akamnong'oneza Xavérine asiseme kiumbe kilipo. Wakaomba dadu. Mwisho walikuwa saba ndani ya hadithi, na Belyse katikati anawashika wote saba mkononi bila kuandika jina hata moja. Nimeona madereva wakubwa katika maisha yangu. Sijaona mtu anayeendesha namna ile.

Wakapiga makofi. Madame akaja anatabasamu.

“Bon. Kazi ni yako. Na ile Meza, usijali, hoteli italipa yote. Ada, vitabu, kila kitu. Jumatatu mi nafungua akaunti, we unaingiza mji wako wote ndani.”

Belyse alifumba macho kwa furaha. Sijamwona hivyo tangu akiwa mdogo. Akafungua mdomo kusema ndiyo.

“Kwa jina la nani?” nikauliza.

“La hoteli, muzee. Ni kwa sababu ya risiti.”

“Basi mji wake utakuwa wa hoteli.”

“Babu,” Belyse akasema kwa meno. “Tafadhali.”

“Siku mkiachana, atatoka na nini?”

Madame akacheka kidogo, akawageukia wageni. “Wazee wanaogopa sana kompyuta.”

Watu kumi na wawili wananitazama. Wanaojua ni sisi wa meza hii tu. Ningeweza kunyamaza nikatoka pale nikiwa yule mzee hodari wa ramani, maana mgeni mmoja alikuwa ameshanisifu.

Nikasimama. Nikasema, “Siogopi kompyuta. Skrini hii nyeusi ni kwa sababu yangu. Mtoto huyu alinipa akiba yake nilipie Meza, nikaigawa majina matatu kama mchele wa magendo, nikaona nina akili, na nyingine nikanywa. Nikamdanganya wiki tatu. Sasa kitabu cha ramani kitakuwa cha Bahizi mpaka nife, na yeye ambaye ni fedha yake hana hata ukurasa. Kinachoandikwa kwa jina la mtu hakitoki. Nimelijua hilo kwa fedha yake. Asilipie mara mbili.”

Mvua ilikuwa inapiga bati la jikoni lao. Xavérine alikuwa anatazama meza.

Belyse alikuwa mwekundu macho. Akamgeukia Madame. “Kwa jina langu,” akasema. “Unikopeshe ada na vitabu, ukate kwenye Jumamosi zangu mpaka iishe. Mji ni wangu. Nikija, unakuja nami. Nikiondoka, unaondoka nami.”

“Na nikikataa?”

“Basi asante kwa kutusikiliza.”

Madame akafunga mkoba wake. “Nitafikiri,” akasema, akaenda.

Tulirudi bila kusemezana. Narcisse na Xavérine walikimbilia mpakani kabla haujafungwa.

Jumapili, 17 Mei

Hakuna simu.

Jumatatu, 18 Mei

Hakuna simu. Rafiki yake wa kiwandani amemwandikia kuuliza anakuja tarehe gani. Ameniambia mwenyewe, amesimama, sahani mkononi. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu hotelini. Nikamwuliza kama nilikosea kusema. Akasema, “Sijui bado.”

Jumatano, 20 Mei

Madame amekubali. Atakata Jumamosi sita, na anataka wale wa Goma waje mara moja kwa mwezi, hasa yule mwanamke wa meno mgongoni. Fedha iliingia kwenye simu ya Belyse saa nne asubuhi, si kwenye yangu, na sikusema kitu.

Alikaa barazani, akasukuma cherehani pembeni, akafungua Meza. Nikavuta kiti nikae karibu, nione ada ya kiongozi inavyolipwa, maana wale wa Rubona wameniuliza.

“Babu,” akasema bila kugeuka, “toka kwanza. Naandika neno la siri.”

Barazani kwangu, nyumbani kwangu, mimi niliyeyapandisha matofali haya.

Nikatoka. Nilisimama chini ya ukingo wa bati, manyunyu yananipiga magotini. Jirani yetu Gasana akapita na mwavuli, akasimama.

“Mzee Bahizi, wamekufukuza?”

“Nani anifukuze? Natazama mvua.”

Nikaitazama mpaka nilipoitwa.